Apendaye Kimya

Rangi ya kwanza kumtoka Hunero machoni ilikuwa kijani. Alikuwa amepiga magoti uani mbele ya jiwe lake la kusagia, jua likiwa utosini, na chini ya kiganja chake unga wa kijani ulikuwa ukilainika taratibu kama ulivyolainika kila siku kwa miaka thelathini. Ghafla unga ukawa kijivu. Akadhani ameingiza majivu bila kukusudia. Akapuliza, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akakiinua kidole kwenye mwanga. Kijivu. Akageukia bakuli la buluu, ile buluu ya mbingu za makaburini ambayo yeye peke yake katika kijiji kizima ndiye aliyejua kuiepua motoni kabla haijawa nyeusi, nayo ikamtoka huku anaitazama, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Ikafuata ngeu nyekundu, kisha manjano. Nyeupe ilichelewa. Ilibaki kitambo pembeni mwa jicho, mstari mwembamba mfano wa mwanga chini ya mlango, halafu mtu wa upande wa pili akauziba.

Hakupiga kelele. Aliweka jiwe chini, akapapasa hadi akalipata bakuli la maji, akanawa mikono vizuri, vidole kimoja kimoja, kana kwamba kazi ya siku imekwisha.

"Basi ni kweli," akajisemea. "Anasikia."

Juu ya kijiji kile kilisimama Kilele, mlima mkavu uliochongoka kama hema la jiwe, ambao haukujengwa na mtu wala haukuombwa na mtu. Tumboni mwake watu wa kijiji walichimba nyumba za wafalme waliokufa na za wafalme ambao bado hawajafa ila walikuwa na haraka. Ng'ambo ya mto waliishi miungu wakubwa, wenye malango na ngoma na makuhani wa kuwapigia pasi nguo zao kila asubuhi. Hao waliulinda ufalme. Lakini mtu akijikwaa ngazini, mwanamke akishikwa na uchungu, mchimbaji akiumwa na nge gizani na koo likaanza kuziba, hakuna aliyevuka mto kuwaita. Waliitwa wale wengine, akina mama wadogo wasio na malango: yule mwenye sura ya chura anayechutama magotini pa mzazi, yule wa nge anayeyafungua makoo, yule anayewapelekea wafu maji ya baridi. Na waliokaa chini ya Kilele walikuwa na mmoja wa kwao, aishiye katika mlima wenyewe, mwenye mwili wa swila. Jina lake lilikuwa Meretseja, na kwa lugha yao lilimaanisha Apendaye Kimya.

Hakuwa na hekalu. Alikuwa na mianya ya miamba tu, ambamo watu waliacha mkate na kikombe cha pombe. Na alikuwa na sheria moja ambayo hata watoto waliijua: anayeapa uongo kwa jina lake, humwonyesha giza mchana kweupe.

Hunero alikuwa ameapa asubuhi ile.

Alimwapia Ankhori, mkuu wa walinzi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini aliyekuja na mkuki wake akaulaza nje ya kizingiti kwa adabu kabla ya kuingia. Alikuwa akimtafuta binti mmoja, Webeti, aliyetoroka Nyumba ya Wafumaji, ambako wanawake walifuma kitani cha kuwavisha wafalme maiti. Sheria ya nyumba ile ilikuwa fupi: mtoto azaliwaye humo ni mali ya mtande, zile nyuzi zinazotandwa kufumwa. Hukaa chini ya mtande wa mama yake, hujifunza kushika uzi kabla ya kushika kijiko, na hatoki. Webeti alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama Hunero," Ankhori alisema, "nakuuliza kwa heshima. Umemwona?"

"Sijamwona, bwana."

"Majirani wanasema walisikia mlango wako siku tatu zilizopita."

"Mlango wangu mzee. Unaongea wenyewe."

Ankhori akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Apa, mama. Apa kwa Kilele, nami nitaondoka."

Na Hunero akanyosha mkono kuelekea mlimani, akasema bila kutetemeka: "Naapa kwa Apendaye Kimya, macho yangu hayajamwona binti huyo." Wakati huo Webeti alikuwa hatua sita nyuma yake, amejikunyata kati ya mitungi ya nafaka, mkono mmoja mdomoni na mwingine tumboni.

Sasa, mchana, binti alitoka kinyumenyume kutoka kwenye mitungi.

"Mama? Mbona umekaa hivyo?"

"Nimekaaje?"

"Umeukazia ukuta macho."

"Kumbe huo ni ukuta," alisema Hunero.

Webeti alielewa. Akaanguka magotini, akaishika mikono ya mwanamke yule, mikono iliyokuwa bado na unyevu. "Ni kwa ajili yangu. Nitatoka. Nitamfuata yule mlinzi sasa hivi nimwambie, naye mungu wako atakurudishia."

"Utakaa hapa."

"Mama..."

"Mwanangu, nimelipia tayari. Ukienda kujisalimisha nitakuwa nimenunua nini?"

Hapo ndipo mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya majirani. Webeti aliwahi kurudi nyuma ya mitungi. Aliyeingia alikuwa Tabesi, mke wa mchonga mawe, aliyekuja kuazima chumvi. Hakuiazima. Alimtazama Hunero akipapasa hewa kutafuta ukuta, akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya mtu anayesimama kando ya kaburi: "Uliapa nini leo, dada?"

Hunero akageuzia uso upande wa mlango. Akasikia ndara za Tabesi zikirudi njiani, kwanza polepole, kisha mbio.

Ndipo alipouona mtego wote. Kupofuka kwenyewe hakukuwa kitu. Watu hupofuka, maisha yakaendelea. Lakini katika kijiji kile kipofu wa mchana alikuwa ni barua iliyofunguliwa. Habari ingemfikia Ankhori kabla jua halijashuka. Angesema: Kilele kimemhukumu, basi alidanganya, basi binti yumo. Macho yake mawili meupe yalikuwa yakimchongea Webeti kwa kila mpita njia.

"Funga mlango kwa ndani," akamwambia binti. "Akiita mtu yeyote, wewe ni mtungi."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa aliyeyachukua."

*

Njia ya Kilele ilikuwa imelainishwa na nyayo za wachimbaji wa vizazi vingi, hata kipofu aliweza kuisoma kwa miguu. Hunero alipanda kwa mikono na magoti. Mwanzoni alihesabu kona za njia. Baadaye hesabu ikamponyoka, na pamoja nayo wakati ukaanza kulegea kama mshipi wa mtu aliyeshiba. Alisikia nyundo za wachimbaji chini ya miamba, akajua kwamba baadhi yao walikuwa wamekufa zamani na baadhi walikuwa hawajazaliwa, na wote walikuwa wakipiga jiwe lile lile. Alisikia mtoto wa kike akicheka mbele yake kwenye njia, akaitambua sauti: ilikuwa yake mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka saba, siku alipopanda na mama yake kupeleka mkate. Mtoto akampita akishuka, akamgusa bega, akasema, "Shikamoo, bibi," naye akaitika "Marahaba" bila kushangaa, kwa sababu mlimani pale lilikuwa jambo la kawaida mtu kujisalimia.

Akawaza huku akipanda. Ukweli ni mali ya nani? Ni ya anayeuliza, au ya anayetafutwa? Mwenye mkuki akiuliza swali, swali lake lina ncha. Je, jibu linalompasa ni ukweli au ngao? Na ikiwa mungu ni mlinzi, analinda nini hasa: maneno yasivunjike, au watu? Maana vyote viwili haviwezi kulindwa siku zote. Siku nyingine kimoja huvunjwa ili kingine kisimame.

"Kunywa," ilisema sauti.

Alikuwa amefika mahali pa baridi, pengine kivuli cha mwamba. Mwanamke alikuwa amekaa hapo. Hunero alisikia maji yakimiminwa kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kata, maji mengi, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kisima.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni Kebehuti. Baba yangu huwafunga wafu sanda. Kazi yake ni kavu na ya muda mrefu, nao huona kiu wakimngoja. Mimi huwapa maji."

"Mimi sijafa."

"Macho yako yamekufa. Nimekuja kwa ajili ya hayo." Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akamwagia jicho la kulia, kisha la kushoto. Maji yalikuwa ya baridi mno na yenye harufu ya mawe. Hunero alingoja mwanga. Haukuja.

"Hayajapona," akasema.

"Siponyi. Nanywesha tu. Kilichokufa nacho kina haki ya kutosumbuka." Kebehuti akampa kata mkononi, akaongeza, kama jirani anayemnong'oneza mwenzake penye foleni: "Ukifika juu usipige magoti haraka. Yeye huwachoka watu wanaopiga magoti kabla ya kusema walichojia."

Hunero akanywa kilichobaki katika kata, akashukuru, akapanda.

*

Kileleni hapakuwa na upepo. Palikuwa na kimya, na kimya kile hakikuwa ukosefu wa sauti. Kilikuwa na uzito na joto, kama mnyama mkubwa aliyelala. Hunero alisimama wima.

"Nimekuja kukuuliza," alisema. "Sikuja kukuomba. Niliapa uongo kwa jina lako, hilo silikatai. Lakini niliapa ili mtoto asizaliwe chini ya mtande. Wewe ni mlinzi. Nilifanya kazi yako kwa mdomo wangu kwa sababu wewe hukuwepo mlangoni. Na wewe ukanipiga. Sasa macho yangu yanamtoa binti yule niliyemficha. Nieleze. Mlinzi gani humpiga aliyekinga?"

Kitu kirefu kilijikokota juu ya jiwe. Magamba. Yalizunguka miguu yake bila kuigusa, na katika mkwaruzo ule Hunero akasikia maneno, kama vile mtu husikia maneno katika ndoto na asubuhi hawezi kusema yalitamkwa kwa lugha gani.

Nani kakwambia nimekupiga?

"Wote husema."

Wote hawakuwepo. Tulikuwepo wewe na mimi na yule mwanamume na binti nyuma ya mitungi. Ulisema: macho yangu hayajamwona. Maneno hayo uliyaweka mgongoni mwangu. Mimi siwezi kuubeba uongo, Hunero. Huo si ukali, ndivyo nilivyoumbwa. Jiwe nalo haliwezi kuelea. Nilikuwa na njia mbili. Kukubwaga pale pale mbele yake, au kuyafanya maneno yako kuwa kweli.

 Hunero hakupiga magoti.

Mkumbuke, ilisema ile sauti. Kumbuka uso wa binti.

Akajaribu. Akaikuta sauti yake, iliyopasuka kidogo mwishoni mwa kila neno. Akaikuta harufu ya kitani kibichi kwenye nywele zake, ubaridi wa nyayo zake usiku alipozikanda, uzito wa tumbo dhidi ya kiwiko. Akatafuta uso. Mahali ulipopaswa kuwa palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa, unaongoja mchoraji. Akatafuta siku ya kwanza, mlango ulipofunguliwa: mlango ukafunguka, na kizingitini palisimama kimya chenye mimba.

"Umeuondoa," alinong'ona.

Mbele na nyuma. Macho yako hayajamwona, na hayakuwahi. Lakini kuona ni nguo iliyofumwa. Niliuvuta uzi mmoja tu. Nyuzi nyingine zimefumuka zenyewe, na bado zinafumuka.

"Bado?"

Kilichobaki ni cha zamani. Kitakwisha.

Hapo moyo wa Hunero ukamwenda mbio, kwa kuwa alijua ni nini kilichobaki. Alikuwa na mume, Kenna, mchoraji, aliyekufa kwa vumbi la makaburi miaka tisa iliyopita. Kenna alichora nyuso elfu ukutani na hakuwahi kuchora uso wake. Haukuwepo popote duniani isipokuwa ndani ya mkewe: ile pua iliyopinda kidogo, doa la buluu ambalo daima lilimbaki chini ya sikio, namna alivyofumba jicho moja kupima mstari.

"Na Kenna?"

Naye.



Naweza kuufuma tena, ilisema sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kama sauti ya mtu aliyechoka. Macho yatarudi. Buluu itarudi. Mumeo atakaa. Lakini uso wa binti utarudi pamoja navyo, na maneno yako yatakuwa uongo tena, na nitayatua. Chagua. Anapanda.

Ni kweli alikuwa anapanda. Chini njiani mawe yalikuwa yakiviringika chini ya nyayo nzito, na ncha ya mkuki iligonga mwamba kila hatua.

Hunero hakufikiri juu ya haki tena, wala juu ya ukweli ni mali ya nani. Alimfikiria Kenna. Akamwita aje karibu, akamtazama ndani ya kichwa chake kwa mara ya mwisho, polepole, kuanzia utosini kama alivyokuwa akimtazama alipomnyoa. Alipofika kwenye doa lile chini ya sikio akakaa hapo. Ilikuwa buluu njema. Aliikoroga yeye mwenyewe.

"Vuta," akasema.

*

Ankhori alipofika juu alimkuta mwanamke amesimama ukingoni, analia bila sauti.

"Mama Hunero. Teremka. Kijiji kizima kinasema umepofuka."

"Nimepofuka."

"Basi unajua maana yake." Alihema, ule mlima haukuwa mdogo. "Sikutaka iwe wewe. Ulimuuguza dada yangu alipougua. Lakini aliyeapa akapofuka alidanganya, na mimi nimetumwa."

"Unaijua sheria ya Kilele, bwana?"

"Naijua."

"Basi niapishe tena. Hapa hapa, nyumbani kwake. Kama nilidanganya chini, sitashuka."

Kabla hajajibu, Ankhori aliganda ghafla, kwa namna ambavyo mtu mwenye silaha huganda. Kati yao swila alikuwa ameinuka, mnene kama mkono, shingo imetanuka kama kiganja kilichofunguliwa. Hunero hakumwona. Alinyosha mkono pale kimya kilipokuwa kizito zaidi, akaushika ule mwili baridi chini ya kichwa, kwa wepesi, kama unavyoshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine.

"Macho yangu," akasema, "hayajamwona binti huyo. Hayakumwona siku zote za maisha yangu. Nikimtafuta ndani yangu, hayumo."

Mtu yeyote aliyewahi kusikia watu wakisema ukweli angejua kwamba ule ulikuwa ukweli. Ulikuwa na huzuni ambayo uongo hauna. Swila akapanda juu ya kifundo cha mkono wake, akapita, ulimi wake ukagusa kope moja kisha nyingine, akateremka upande wa pili na kuingia katika mwanya wa mwamba bila haraka.

 Ankhori akauhamisha mkuki mkono wa kushoto, akaja akamshika Hunero kiwiko kwa ule wa kulia. "Hapa pana jiwe," akasema. "Inua mguu."

Walishuka pamoja jua likielekea ng'ambo ya mlima. Majirani waliokuwa wamesimama milangoni walimwona mkuu wa walinzi akimwongoza mzee kipofu kama mwana na mama yake, na Tabesi akaingia ndani. Kizingitini pa Hunero, Ankhori alisimama. Ndani ya nyumba, nyuma, mtungi ulisogea kidogo juu ya sakafu ya udongo. Kilikuwa kishindo kidogo mno.

Hunero alikisikia. Akajua Ankhori naye amekisikia. Angeweza kusema ni panya, ni paka, ni nyumba kuukuu inajinyosha.  Badala yake alisimama akaacha kimya kifanye kazi yake.

"Waliniagiza nitazame," Ankhori alisema hatimaye, taratibu, kama anayejaribu maneno kuona kama yatambeba. "Hawakuniagiza nisikilize." Akainama, akayaondoa mavumbi kwenye magoti ya Hunero kwa kiganja chake. "Usiku mwema, mama."

*

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, asubuhi, msichana, kwenye matofali manne ya kuzalia yaliyopangwa uani pale pale ambapo jiwe la kusagia lilikuwa likikaa. Hunero alimpokea kwa mikono iliyojua uzito wa vitu laini. Alipokuwa akimfuta alisikia vyura wakilia, vyura wengi, katika kijiji ambacho maji yake yote yalikuja kwa mgongo wa punda. Hakumwuliza Webeti kama naye alisikia.

Siku ya arobaini mama na mtoto waliondoka na wachota maji, kwa njia ya magharibi. Webeti alitaka kumwachia kitu, hakuwa na kitu, akamwachia busu katika kila kiganja.

Miezi ikapita. Hunero aliwafundisha wasichana wawili wa kijiji kusaga rangi kwa kusikiliza: kijani kilicho tayari husema hivi, buluu husema hivi, ukichelewa hunyamaza. Usiku aliota rangi zisizo na kitu cha kuzibeba. Wakati mwingine aliota mwanamume anayecheka, na hakujua ni nani, lakini aliamka amefurahi. Asubuhi moja moja alikuta mkate kizingitini pake na kikombe cha pombe, na hakujua kama kuna mtu amemhurumia au amemwabudu. Aliula mkate. Ulikuwa mzuri.

Halafu, siku moja ya joto kali, wakati watu wote walikuwa wamejilaza vivulini, mlango ulisukumwa kwa woga. Mtu aliingia hatua mbili, akasimama. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu, na nguo yake ilinuka kitani kibichi.

"Mama," ilisema sauti ya mwanamke ambayo Hunero hakuijua, "nimeambiwa katika nyumba hii hakuna anayeona."

"Ni kweli," alisema Hunero, akasogea, akamwachia nafasi mkekani.